Alama ya Theluji Nyabiyonza

Juu ya kamera ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfuko wa shati, kuna kigurudumu cha kuzungushwa kwa kidole gumba, na juu ya kigurudumu hicho zimechapwa alama ndogo nyeupe. Kuna mlima wenye vilele viwili. Kuna ua. Kuna mtu anayekimbia, kichwa cha mtu anayetazama pembeni, na mtu mwingine aliyesimama chini ya nyota. Ukifungua orodha iliyojificha nyuma ya herufi SCN, alama zinaongezeka: mnazi na mawimbi, fataki, kisu na uma, mtoto mchanga, mshumaa, na mara nyingi chembe ya theluji yenye ncha sita. Kamera za namna hii ziliingia wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania, kwa njia zile zile zinazoleta vitu vingine vyote, ndani ya begi la ndugu anayerudi likizo, juu ya rafu ya duka la Kayanga au Omurushaka, mikononi mwa mpiga picha anayezunguka na pikipiki kutoka ubatizo hadi harusi. Na pamoja nazo ilipanda vilima vya kata ya Nyabiyonza alama ya theluji, mahali ambapo cheupe pekee kinachoanguka kutoka mbinguni ni mvua ya mawe. Theluji ya kudumu iliyo karibu iko juu ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mtu anaweza kucheka na kupita. Mimi naona inafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu chembe hiyo ya theluji inafichua kitu ambacho alama nyingine zinakificha: kila hali iliyomo kwenye kamera ni maoni ya mtu fulani kuhusu jinsi dunia ilivyo, na ile iitwayo otomatiki, inayojidai haina maoni yoyote, ndiyo yenye maoni mengi kuliko zote.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Chini ya neno AUTO kuna hesabu, na nyuma ya hesabu kuna watu waliokaa mezani wakakubaliana. Kamera haijui ni nani amesimama mbele yake. Inapokea mwanga, inaupima, kisha inatafuta jibu la swali moja: lenzi ibaki wazi kwa muda gani, na tundu lake liwe na upana gani, ili jumla ya mwanga unaoingia iwe ya wastani? Wastani huo haukuokotwa njiani. Tangu enzi za filamu, kipimo cha katikati kilichozoeleka ni kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na kadi ya kijivu ya Kodak waliyonunua wapiga picha kwa miaka mingi ilikuwa ya asilimia 18 hiyo hiyo. Kamera ikiachiwa peke yake huamini kwamba dunia yote, ikikorogwa pamoja, itatoa kijivu hicho. Ni fundi cherehani anayeshona sare za shule nzima kwa kipimo cha mtoto mmoja: wengi zitawakaa kiasi, wachache zitawapendeza, na aliye mrefu kuliko wote ataonekana kuwa ndiye mwenye kasoro. Kamera za miaka ya karibuni hugawanya picha vipande vipande na kuvilinganisha na mifano iliyohifadhiwa ndani yake, kwa hiyo hukosea mara chache kuliko vipima-mwanga vya zamani. Lakini mifano hiyo nayo ilichaguliwa na mtu.

Chukua harusi, kwa kuwa harusi ndiyo kazi kuu ya kamera hizi vijijini. Bibi harusi amevaa gauni jeupe. Turubai limefungwa, nalo ni jeupe, na nyuma yake kuna anga la baada ya mvua linalong'aa kuliko gauni. Kamera inaona weupe mwingi, inaikumbuka sheria yake ya kijivu, inapunguza mwanga. Gauni linatoka na rangi ya majivu na nyuso zinazama. Meno yanabaki, weupe wa macho unabaki, shavu halipo. Baadaye kidogo mpiga picha anasogea karibu na wazee wawili wenye makoti meusi, walioketi mbele ya mlango wenye giza. Safari hii kamera inaona weusi mwingi, inadhani mwanga umepungua, inauongeza mpaka makoti yanageuka kijivu na nyuso zinapauka, na mikunjo iliyochukua miaka sabini kuandikwa inafutika. Kosa ni moja lenye pande mbili. Picha ya kwanza watu watasema ina giza, ya pili watasema imeungua, na lawama itamwendea mpiga picha, au mbaya zaidi, itaelekezwa kwa kicheko kwenye weusi wa ngozi yenyewe, kana kwamba ngozi ndiyo iliyoshindwa kutokea. Mashine iliyotabiri vibaya haishitakiwi na mtu, maana ilikuwa kwenye otomatiki, na otomatiki haina jina.

Hapa ndipo theluji inapopata kazi. Hali ya theluji hufanya jambo moja kubwa: inaiambia kamera mapema kwamba weupe ulio mbele yake ni weupe kweli, isiupunguze. Kwa hiyo inaongeza mwanga. Mpiga picha wa Nyabiyonza akimweka bibi harusi chini ya turubai kisha akachagua chembe ile ya ncha sita, ana nafasi nzuri ya kupata gauni jeupe na uso unaoonekana. Alama iliyoonekana ya kipuuzi kuliko zote ndiyo inayomfaa zaidi siku hiyo, ila hakuna kilichoandikwa juu yake cha kumwambia hivyo, kwa sababu walioichora walikuwa wakifikiria likizo ya watu wengine. Na anayeelewa kazi ya alama hahitaji alama. Karibu kila kamera ya aina hii ina kitufe chenye jumlisha na toa, au kitu hicho hicho ndani ya menyu, kinachosogea kwa theluthi moja moja, kwa kawaida hadi mbili juu na mbili chini. Jumlisha moja ni mwanga mara mbili. Toa moja ni nusu yake. Ni mahali pekee kwenye chombo hicho ambapo kamera inakiri kwamba huenda haijui, na kumwachia aliyeishika atoe neno. Jambo la kutazamwa ni hili: katika kamera nyingi kitufe hicho hulala ukiwa kwenye AUTO. Ni lazima kwanza uzungushe kigurudumu hadi herufi P, ambako kamera bado inapanga muda na tundu lakini inakubali kupingwa. Otomatiki kamili haikubali.

Mwanga wa Nyabiyonza nao una mambo yake. Hapa ni chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa tatu na wa tisa jua la mchana husimama karibu kabisa na utosi, na kila paji la uso linatupa kivuli juu ya macho. Hata huo mchana wenyewe unachelewa. Karagwe iko magharibi ya mbali lakini inatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, hivyo jua linafika juu karibu saa saba, zaidi ya nusu saa baada ya kufika juu huko pwani. Anayefuata ushauri wa kukwepa saa sita na kupiga saa nane atakuwa amekwepa hewa. Kisha kuna mgomba. Sehemu kubwa ya maisha hupita chini ya majani yake: njia ya kuelekea nyumbani, kahawa iliyopandwa katikati, maharage chini yake, mazungumzo ya jioni. Mwanga unaopenya jani la mgomba unatua ukiwa umegeuka kijani, na ngozi ya aliyesimama pale inaupokea. Kamera ina alama za kurekebisha rangi ya mwanga: jua, wingu, nyumba yenye kivuli, balbu, taa ya mrija. Alama ya mgomba haipo. Otomatiki itakisia, na mara kwa mara itakisia vibaya, ikimpa mtu mwenye afya njema rangi ya mgonjwa. Dawa ipo kwenye kamera nyingi, nayo ni kuionyesha kitu cheupe, karatasi au kanzu safi, pale pale atakaposimama mtu, na kuiambia: huu ndio weupe wa hapa. Vivyo hivyo ndani ya nyumba usiku. Flashi ya kamera ndogo hufika mita tatu hivi ikichoka. Inaupiga uso mmoja wa mbele na kuwaacha wengine wote shimoni. Ile alama ya mtu chini ya nyota hupiga flashi na kisha kuiacha lenzi wazi kwa muda zaidi, ili taa ya chemli, moto na nyuso za nyuma zipate zamu yao. Inataka mkono uliotulia, au kigoda cha kuiwekea kamera. Haihitaji nyota.

Mpaka hapa ni mwanga, na mtu angeweza kusema ni suala la ufundi tu. Lakini maoni ya kamera hayakuishia kwenye mwanga. Mwaka 2007 Sony ilitoa kamera ndogo zenye hali ya kungoja tabasamu: unamwelekezea mtu, kamera inautazama uso wake, na picha inapigwa yenyewe pale anapotabasamu. Asipotabasamu, haipigwi. Watengenezaji wengine wakafuata. Tazama sasa picha za zamani zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba za Karagwe, au za Zanzibar, au za Kisumu: mababu wamesimama wima, mikono magotini au begani mwa mwenzao, midomo imefungwa, macho yameikazia lenzi. Walijua kwamba picha ni jambo zito, kwamba itawatazama watu ambao bado hawajazaliwa. Kwa hukumu ya ile hali ya 2007, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa tayari. Kamera ingengoja hadi betri iishe. Sina ugomvi na tabasamu. Nina ugomvi na chombo kinachoamua kwamba uso usiotabasamu haujafika bado.

Atatokea wa kunijibu kwamba mwanga ni mwanga, hauna kabila wala taifa, na kwamba ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe kwa sheria ya maumbile, si kwa njama ya mtu. Ni kweli, na hoja hiyo isikataliwe kwa hasira. Hakuna mhandisi aliyekaa usiku akipanga kuwaficha Wanyambo wa Karagwe. Lakini sheria ya maumbile inasema tu mwanga ni kiasi gani. Haisemi ni uso wa nani utakaotumiwa kusema sasa picha imekuwa sawa. Hilo lilikuwa uamuzi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilizotumia vifaa vya Kodak zilipokea kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza aliitwa Shirley, akifanya kazi Kodak, na waliomfuata kwenye kadi hizo wote walirithi jina lake. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imepangwa vizuri. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliichunguza historia hiyo katika makala ya mwaka 2009, na jambo linalokaa kooni ni sababu walizompa watu wa Kodak kuhusu mabadiliko ya filamu: watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa samani za mbao walilalamika kwamba tofauti za rangi za bidhaa zao za kahawia hazionekani katika matangazo. Filamu ikaboreshwa. Maana yake maumbile hayakuwa kizuizi. Kilichokosekana ni mlalamikaji mwenye fedha. Asiyekuwepo na lake halipo, na meza ile ya vipimo ilikuwa na kiti cha chokoleti kabla ya kuwa na kiti cha mtu mweusi.

Mwingine atasema haya yote ni habari za jana. Kamera ndogo zenyewe zinakufa: mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kutoka viwandani zaidi ya milioni 100, na kufikia 2023 hazikufika hata milioni 2. Simu imezimeza. Na simu imejirekebisha; Tecno imejitangaza Afrika kwa kamera zilizopangwa kwa ngozi nyeusi, na Google mwaka 2021 ilitoa simu ya Pixel 6 kwa kujivunia kwamba sasa inazipiga rangi zote za ngozi kwa haki. Hayo ni maendeleo ya kweli na ni ukaidi kuyakana. Ila tazama yalivyotokea. Simu nyingi zinazoongeza mwanga usoni huja na hali ya urembo, inayolainisha ngozi na kuing'arisha bila kuulizwa, kwa hiyo uso uliookolewa gizani unapelekwa moja kwa moja kwenye mkorogo. Na kigurudumu hakipo tena. Zamani maoni ya kamera yalichapwa juu yake, mlima na ua na theluji, ukiyaona unaweza kuyacheka. Leo simu inaamua yenyewe kwamba hiki ni chakula, huyu ni mtoto, hii ni jioni, na inarekebisha kabla kidole hakijainuka. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kompyuta iliyouzwa kwa kazi ya kuzitambua nyuso kuwa za kike au za kiume. Kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia moja. Kwa wanawake weusi mfumo uliokosea zaidi ulikosea kwa asilimia 34.7. Hayo yalitokea miongo kadhaa baada ya kadi za Shirley, mikononi mwa kampuni ambazo bila shaka ziliamini kwamba hazina upande.

Hata hivyo kuna pingamizi lililo zito kuliko yote mawili, na silipati kwa wanaotetea mashine bali ndani ya historia ya mashine yenyewe. Tuseme kamera imejifunza kutuona sawasawa; je, tumeshinda? Polaroid iliwahi kuwa na kamera ya picha za vitambulisho, ID-2, iliyopiga picha mbili kwa pamoja, na nyuma yake kulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mwaka 2012 wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin waliionyesha hadharani wakidai kwamba kitufe hicho kilifaa hasa kwa nyuso nyeusi. Na vifaa vya Polaroid vilikuwa vikitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za pasi, kile kitabu ambacho Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kuwa nacho katika nchi yake. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo mwaka 1970 wakaanzisha vuguvugu la kupinga na wito wa kuisusia. Kampuni ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977. Kwa hiyo imewahi kutokea kwamba uso mweusi ulimulikwa vizuri, kwa makini, kwa kitufe chake maalumu, ili uweze kusimamishwa barabarani na polisi. Usahihi si heshima. Nikilifikiria hilo naona kwamba hoja yangu haiwezi kuishia kwenye kudai kamera bora. Swali la kuonekana vizuri lina mwenzake aliye nyuma yake: nani amekishika kitufe, na anayepigwa ana neno gani.

Karagwe inalijua swali hilo tangu zamani. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipoondoka Zanzibar mwaka 1860 kutafuta chanzo cha Nile, walikuwa na kamera, na Grant alikuwa ameshapiga picha mjini Zanzibar. Hawakuifikisha mbali. Kazi ya kutayarisha vioo vya picha ndani ya hema dogo lenye joto kali ilikuwa ya kuua mtu, na Speke akairudisha kamera pwani kabla hawajafika hata Unyamwezi. Ndiyo maana walipoingia kwa Rumanyika, Omukama wa Karagwe, mwezi Novemba 1861, makao yake ya Bweranyange hayakupigwa picha. Grant alichora. Speke alitoa utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye mkono, kifua na paja la mwanamke mnene wa nyumba ya mfalme, na inchi hizo ziko hadi leo katika kitabu chake cha mwaka 1863; yule mwanamke ametajwa kama shemeji tu. Kipimo kimebaki, jina halikubaki. Sitaki kumgeuza Speke kuwa kamera. Nasema tu kwamba kupimwa na mtu anayepita, kwa vipimo alivyokuja navyo, si jambo jipya katika vilima hivi, na halikungoja betri. Tena mwaka 1994, wapiga picha wa dunia nzima walipofurika mkoa huu wa Kagera kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda waliovuka daraja la Rusumo na kujaa Benaco, Ngara, walikuwa na kamera bora kabisa na mikono mizoefu, na kazi yao ilihitajika. Lakini kwa watu wengi wa mbali, picha hizo ndizo Kagera yote. Mkulima wa kahawa aliyesimama kwa Jumapili yake, amevaa koti, hajawahi kuonekana huko.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kwamba otomatiki ndiyo iliyomkomboa mtu wa kawaida. Mwaka 1888 George Eastman aliuza kamera ya Kodak ikiwa imejazwa filamu ya picha mia moja, kwa ahadi kwamba mnunuzi abonyeze tu na mengine yote yatafanywa na kampuni. Kabla ya hapo picha ilikuwa mali ya mtaalamu na tajiri. Bila uvivu huo mtamu, mama wa Nyabiyonza asingekuwa na picha hata moja ya mtoto wake wa kwanza, na anayemtaka ajifunze theluthi za mwanga kabla ya kumpiga mwanawe anamtaka arudi mwaka 1860, hemani, na vioo vya Grant. Nakubali kabisa. Mama apige kwa AUTO, apige nyingi. Lakini yeye si mpiga picha wa kulipwa, na watu wengi wa kijijini picha zao kubwa za maisha, harusi, ubatizo, mahafali, msiba, hupigwa na mtu wa kulipwa. Huyu hana ruhusa ya kuwa mvivu kwa niaba ya wengine. Kizazi cha studio kilijua hilo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Studio za namna hiyo, kutoka Lamu hadi Bukoba, ziliendeshwa na watu waliolazimika kujua taa inawekwa wapi kwa uso wa nani, kwa sababu filamu haikumpa mtu nafasi ya kutazama kioo na kufuta. Kamera ndogo ya dijitali ilimpa mrithi wao kioo cha kutazama, kitufe cha kufuta na kitufe cha kurekebisha. Kwa mara ya kwanza kosa likawa halina gharama. Ajabu ni kwamba wengi walipokea kufuta wakaacha kurekebisha.

Na si elimu ya miaka. Kamera ikibonyezwa nusu, inapima na kushikilia kipimo hicho mpaka kidole kiachie au kizame. Kwa hiyo mtu anaweza kuielekeza kwanza kwenye majani mabichi ya uwanja, yaliyo katika mwanga ule ule na umbali ule ule na bibi harusi, abonyeze nusu, ainue lenzi, ammalizie bibi harusi. Majani ya kijani yako karibu sana na kijivu kile ambacho kamera inakitafuta siku zote. Anaweza kuhamia P na kujumlisha moja penye turubai jeupe, kutoa theluthi mbili penye makoti meusi. Anaweza kuzima hali ya tabasamu na kumwacha mzee awe na uso wake. Kisha, jambo ambalo kioo cha nyuma kimelirahisisha kuliko enzi yoyote, amwonyeshe aliyepigwa na kumuuliza kama huyo ndiye yeye.

Basi ukitafuta mpiga picha wa sherehe mwaka huu, iwe Nyabiyonza, Kayanga au ng'ambo kule Kyerwa, usimuulize kamera yake ina megapikseli ngapi. Muulize kitufe cha jumlisha na toa kiko wapi, na anakibonyeza lini. Akikuonyesha, mpe kianzio.